Dirisha Lako Linatazama Wapi? Nilivyojifunza Kusoma Maoni Kabla ya Kununua Runinga

Fundi alizima taa ya kibanda chake pale Kondele, Kisumu, akaniambia nisogee karibu. Runinga yangu ya inchi 43 ilikuwa mezani, sauti ya mtangazaji wa habari inatoka vizuri kabisa, kioo cheusi tititi. Akawasha tochi ya simu na kuielekeza kwenye kioo kwa mshazari. Hapo nikamwona mtangazaji. Amefifia kama mtu aliye chini ya maji ya ziwa, lakini yuko, na midomo inacheza.

"Umeona, boss? Picha iko. Taa za nyuma ndizo zimekufa. Mwangaza ulikuwa umeuweka ngapi?"

Mia. Ulikuja ukiwa mia na sikuwahi kuugusa. Alipoifungua akanitolea vipande virefu vya bati, vyembamba kama rula ya shule, kila kimoja na taa ndogondogo zilizopangwa mstari. Mbili zilikuwa zimeungua katikati kama punje za mahindi zilizosahauliwa jikoni. Akanieleza kwamba zimeungwa kwa mfululizo, moja ikikatika mstari mzima unalala, na kwamba mwangaza wa mia kila siku ni joto la kila siku. Nikalipa shilingi 4,500. Runinga yenyewe ilikuwa na miezi 9. Waranti ilikuwa ya mwaka, ndiyo, ila nilipompigia muuzaji aliniambia kioo na taa zake hazimo.

Kwenye matatu ya kurudi Mamboleo nilifungua simu nikasoma upya maoni ya wanunuzi wengine yaliyonifanya nitoe pesa yangu. Nyota 5: "Imefika salama, picha safi, asanteni." Nyota 5: "Huduma poa, rider ana heshima." Nyota 5: "Bado sijaiwasha lakini inaonekana original." Huyo wa mwisho nilikuwa nimemsoma wiki ile ya kununua, nikamhesabu pamoja na wengine, wala hakunishtua.

Hapo ndipo nilipoanza kuangalia tarehe kabla ya nyota. Maoni mengi huandikwa siku mzigo unapofika, mtu bado ana furaha ya kukata katoni, na anachokipima hasa ni usafirishaji. Runinga yoyote mpya ina picha safi siku ya kwanza. Hata yangu ilikuwa nayo. Mtu aliyeandika baada ya miezi sita, hata kama ameandika mistari miwili yenye makosa ya tahajia, ana jambo ambalo yule wa siku ya kwanza hana namna ya kulijua: ameona stima ikipotea na kurudi kwa kishindo mara hamsini, ameona mvua za radi za huku kwetu, ameona kama programu zake bado zinafunguka. Siku hizi nikikuta maoni 300, kwanza natafuta neno "miezi". Likikosekana kabisa, yale 300 nayachukulia kama risiti za rider.

Mwangaza nao una hadithi yake nyumbani kwangu. Sebule yetu ina dirisha kubwa linalotazama magharibi, upande wa ziwa. Wageni wanalisifu. Lakini mechi nyingi za Jumamosi za ligi ya Uingereza huanza kwetu saa kumi na moja jioni, na kule kukiwa na baridi zinasogea hadi saa kumi na mbili, wakati ambapo jua la Kisumu limeshuka na linaingia moja kwa moja hadi ukutani. Kipindi cha kwanza chote nilikuwa nikijiangalia mwenyewe, nimekaa kwenye kochi, nikiwa na kikombe, na nyuma yangu pazia. Ndiyo maana mwangaza niliuacha mia. Kwa hiyo ukifuatilia vizuri, kilichoua taa zangu ni dirisha, na hakuna hata mmoja katika wale wa nyota 5 aliyesema ameweka runinga yake mkabala na jua au kwenye chumba chenye giza.

Wapo wanaopima mambo haya kwa vyombo. RTINGS wa Kanada hununua runinga wenyewe dukani badala ya kuletewa na kampuni, kisha wanazipima zote kwa njia moja. Consumer Reports ya Marekani imekuwa ikifanya kazi ya kupima bidhaa tangu 1936, na Which? ya Uingereza tangu 1957. Nawaheshimu. Kwao ndiko nilikojifunza kwamba mwangaza hupimwa kwa niti, kwamba runinga nyingi za bei nafuu zinatoa niti mia mbili hadi mia tatu na kitu, na kwamba neno HDR kwenye katoni, linaloahidi mwanga na weusi vilivyopishana zaidi, haliongezi hata niti moja. Kwao pia nikaelewa kwa nini runinga ya shemeji yangu ina giza zuri usiku ukikaa mbele yake, lakini aliyekaa kiti cha pembeni anaona rangi zilizopauka. Kuna vioo vya aina mbili vinavyotumika sana: VA, vyenye weusi wa kweli ila havipendi kutazamwa kando, na IPS, ambavyo unaweza kuvitazama kutoka mlangoni ila weusi wao ni wa kijivu. Familia ya watu saba iliyotapakaa sebule nzima na mtu mmoja anayetazama filamu peke yake usiku hawafai kununua kioo kimoja.

Shida ni kuyaleta makala hayo hadi kwenye maduka yetu ya Barabara ya Oginga Odinga. Runinga ya kawaida ya Samsung ya Marekani namba yake mara nyingi huanza na UN, ya Ulaya UE, ya kwetu na ya Asia UA, na zinazofanana jina la dukani si lazima zifanane ndani. Hata katika jina moja, ya inchi 43 inaweza kuwa na kioo cha aina tofauti na ya inchi 55. Ya Marekani imetengenezwa kupokea mawimbi ya kule, wakati sisi tangu mitambo ya analojia ilipozimwa mwaka 2015 tunapokea kwa DVB-T2, mfumo wa dijitali wa antena. Halafu chapa ambazo majirani zangu wananunua kwa wingi, Vitron na Vision Plus, sijawahi kuziona kwenye meza ya wapimaji hao. Kwa hiyo makala ya ng'ambo nayasoma kama somo la kujua niangalie nini, kisha nageukia watu wa huku kujua nimeangalia kipi.

Maoni bora zaidi niliyowahi kusoma yalikuwa ya nyota 3. Yaliandikwa na mtu aliyejitambulisha tu kwamba yuko Kakamega. Nayaandika hapa kama ninavyoyakumbuka:

"Nina miezi 8 nayo. Picha ni nzuri ukikaa mbele, kando inapauka. Sauti ni ndogo, nikaunga woofer, lakini haina yale matundu ya nyekundu na nyeupe, ikabidi ninunue waya wa tundu la headphone. Chaneli za bure inashika bila dikoda nikitumia antena ya nje, ya ndani haikushika kitu. YouTube inachukua muda kuwaka, usiikasirikie. Netflix haifunguki. Kukiwa na radi nachomoa kila kitu pamoja na antena."

Angalia ni maswali mangapi amenijibia bila kuulizwa. Tundu la woofer, kwa mfano. Hilo sikulikuta likitiliwa mkazo kwenye makala ya ng'ambo niliyosoma, nadhani kwa sababu huko wanafikiria vipaza sauti vya kisasa vinavyoingia kwa waya wa HDMI. Huku karibu kila nyumba ina woofer ya zamani inayopendwa kuliko runinga yenyewe, na runinga mpya nyingi zimekata matundu yale. Antena ya nje au ya ndani: mtu wa bondeni na mtu wa mlimani hawapati mawimbi sawa, lakini angalau nimejua ndani ina DVB-T2 na nitatazama habari bila kulipia kifurushi. Netflix kutofunguka kunaniambia kwamba ile "Android" iliyoandikwa kwenye katoni ni ile ya bure isiyo na kibali cha Google wala cha Netflix, na kwamba programu nyingine nazo siku moja zitagoma. Na kule kuchomoa antena kunaniambia mwandishi anaishi magharibi mwa Kenya kwelikweli, kwa sababu gadi ya stima inasaidia umeme ukipanda na kushuka ila radi haiombi ruhusa, na waya wa antena ni mlango kama mlango mwingine.

Sikununua runinga ile. Netflix nilikuwa naitaka. Lakini mtu aliyenizuia kununua kitu kisichonifaa, huku mwenyewe akiendelea kukipenda, ndiye niliyekuwa namtafuta. Angeipa nyota 5 au nyota 1 ningempita.

Za nyota 1 nazo zisikutishe. Nusu yake ni hasira ya katoni iliyopondeka au rimoti isiyo na betri. Ninazozisoma kwa makini ni zile zinazosema kilichotokea baada ya kupiga simu: walijibu, hawakujibu, walimtuma fundi, walimwambia apeleke Nairobi kwa nauli yake. Runinga ya inchi 43 ina upana wa karibu sentimita 95. Jaribu kuipakia kwenye matatu ya usiku uone waranti ya Nairobi inavyogeuka kuwa mapambo.

Na usisahau kumuuliza anayeandika anamnunulia nani. Mama yangu, yuko kwao Vihiga, hana habari na nukta milioni 8 za 4K. Nilipompelekea runinga ya inchi 32 tathmini yake ilikuja kwa simu jioni ileile: "Mwanangu, picha nimeona. Huyu anayesoma habari mbona ananong'ona?" Spika za wati 8 zilizofichwa nyuma zinaongea na ukuta, na ukuta wa Mama uko mbali na kioo. Nikamwongezea spika ndogo. Tangu siku hiyo nikisoma "sauti iko sawa" najiuliza aliyeandika ana miaka mingapi, na chumba chake kina mabati au dari.

Runinga ninayotumia sasa niliinunua nikiwa na orodha yangu mfukoni. Dukani zilikuwa zimepangwa ukutani zote zikionyesha filamu moja: matone ya maji yanaanguka polepole, matunda yanakatwa, samaki wa rangi. Kila runinga hupendeza kwa matunda, maana zinawekwa kwenye hali ya duka, mwangaza wote juu. Nikamwomba kijana aitoe kwenye hali hiyo, aunge antena, atuwekee chaneli yoyote ya kawaida.

"Boss, si unaona hii ni 4K?"

"Naona, ndugu yangu. Nataka nimwone msoma habari."

Akacheka, akaunga. Kwenye mojawapo, iliyokuwa imeandikwa 120 kwa herufi kubwa, yaani mara ambazo picha hubadilika kwa sekunde, mpira wa miguu ulikuwa na mkia kama nyota inayoanguka. Hiyo 120 ilikuwa hesabu ya matangazo. Kioo chenyewe kilikuwa cha 60. Ya pili ilikuwa tulivu zaidi na haikung'aa sana nilipoigeuza upande wa mlango wenye mwanga. Nikachukua hiyo, nikaandikiwa kwenye risiti namba kamili ya modeli, na nikamwambia aandike pia kama taa za nyuma zimo kwenye waranti. Alisita kidogo, akaenda ndani kuuliza, akarudi akaandika.

Mwezi uliopita, baada ya miezi 14, niliketi nikaandika maoni yangu mwenyewe pale nilipozoea kusoma ya wengine. Nimeyanakili:

"Nyota 4. Kisumu, miezi 14. Sebule ina dirisha la magharibi. Kuanzia saa kumi jioni lazima nifunge pazia, ila nusu tu. Mwangaza nimeweka 60 na unatosha. Wati kama 80, tunatazama saa tano kwa siku, ni karibu yuniti 12 kwa mwezi. Inashika chaneli za bure kwa antena ya nje. Netflix na YouTube zinafanya kazi, ila tangu ilipojisasisha mwezi wa 9 inachelewa kuamka. Matundu ya nyekundu na nyeupe yapo, nyuma kushoto, yamejificha. Ukikaa pembeni rangi zinapungua kidogo. Sauti mzee hatasikia. Gadi ninayo, radi ikianza nachomoa. Waranti sijaijaribu. Nitarudi kuandika tena ikitimiza miezi 24 au siku itakapozima, lolote litakalotangulia."