Kurekodi usisubiri, mdogo wangu

Mdogo wangu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba gemu ya Super Mario Bros. unaimaliza kwa dakika 5 na sekunde 21 kwenye Nintendo ya kaka yako, na kwamba jamaa yako amekwambia kurekodi kunajaza simu bure, picha ya skrini ya mwisho inatosha, utaanza kurekodi ukishashuka chini ya 5:10. Nimesoma sentensi hiyo nikaacha chakula mezani. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2007, na yalinigharimu mbio moja tu ya maana, yaani kumaliza gemu kwa muda mfupi kabisa, niliyowahi kuipata maishani.

Wakati huo nilikuwa naishi Ilala. Binamu yangu aliyekuwa anafanya kazi Muscat alirudi likizo na Nintendo halisi, si zile za Kariakoo zenye kaseti iliyoandikwa 9999 ndani ya moja. Niliiunganisha kwenye TV kupitia deki ya VHS ya nyumbani, kwa hiyo kila nikicheza mkanda unazunguka. Mkanda ulikuwa mmoja, ukijaa naurudisha mwanzo narekodi juu yake. Ndivyo wengi walivyofanya enzi hizo, na Speed Demos Archive, tovuti ya kukusanya mbio za gemu, walikuwa wanapokea hata mikanda ya VHS iliyotumwa kwa posta. Mimi bila kujua nilikuwa nimeshaanza vizuri.

Halafu akaja mtaalamu. Kwenye kibanda cha gemu mtaani kwetu kulikuwa na jamaa tuliyemheshimu wote kwa sababu hakuna aliyewahi kumfunga kwenye Winning Eleven. Akaiona deki yangu, akatikisa kichwa: "Hiyo deki inachelewesha picha. Itoe. Chezea TV moja kwa moja, ukipata muda mzuri piga picha, nani atakubishia?" Alikuwa hajawahi kutuma mbio hata moja popote. Deki ya VHS inapitisha mawimbi tu, haina cha kuchelewesha. Mtu bingwa wa mpira wa kwenye skrini, anakufundisha jambo asilolijua, kwa sauti ya mwenye uhakika! Hadi leo nikimkumbuka damu inachemka. Na nikikutana naye nitamnunulia chai, halafu namkalisha mbele ya ule mkanda autazame saa tatu nzima, anionyeshe mbio yangu iko wapi.

Nikaitoa deki. Wiki tatu baadaye, usiku wa Jumapili, kila kitu kikanyooka. Hatua ya 1-2, yaani ya pili katika dunia ya 1, nikaingia bomba la kwenda dunia ya 4 bila kusita. 4-2 nikaupanda ule mmea mara moja, wakati siku nyingine nilikuwa nausumbukia mpaka nakata tamaa. 8-3 wale wawili warusha nyundo wakaruka juu, nikapita chini yao kama wamenifungulia mlango. Nilipogusa shoka kwenye daraja la 8-4, hatua ya mwisho, saa ya mkononi niliyomkabidhi mdogo wangu wa nyumbani ilisoma dakika 5 na sekunde 6. Tulipiga kelele mama akaamka.

Nikachukua simu, nikapiga picha. Unajua TV ya kioo ilivyo ukiipiga picha kwa simu: mstari mweusi mnene ulikatiza katikati ya skrini, binti mfalme anaonekana kichwa tu, na maneno ya kumshukuru Mario yamekatika. Asubuhi nikaenda kafe ya intaneti ya Posta nikaituma kwa Speed Demos Archive. Jibu lilikuja la heshima kabisa, na lilikuwa fupi: bila video hatuwezi kuipokea.

Walikuwa sahihi, na hapa ndipo nataka unielewe. Skrini ya mwisho ya gemu hii haionyeshi umetumia muda gani! Namba iliyo juu kulia ni ya hatua hiyo moja, inahesabu kurudi nyuma, na inapungua moja kila baada ya fremu 24 (fremu ni picha moja ya skrini, 60 kwa sekunde), yaani kama sekunde 0.4. Mtu aliyetumia nusu saa kufika 8-4 anaweza kuwa na picha sawasawa na yangu. Muda wa mbio unahesabiwa kwa fremu, kuanzia mwanzo wa 1-1 mpaka shoka linapoguswa. Pasipo video hakuna fremu za kuhesabu, na saa ya mkononi ya mdogo wangu wa nyumbani si ushahidi.

Nilijaribu kuirudia miezi kumi na minne. Deki niliirudisha siku ile ile. Sikushuka tena chini ya 5:11.

Ukidhani ni mimi tu niliyekuwa mtoto wa mtaani nisiyejua, mtazame Todd Rogers wa Marekani. Huyu ni katika watu wa mwanzo kabisa kulipwa kwa kucheza gemu. Mwaka 1982 aliandikiwa sekunde 5.51 kwenye Dragster, gemu ya Atari iliyotolewa na Activision mwaka 1980. Utaratibu wa Activision siku zile ulikuwa huo huo wa jamaa yako: unapiga picha TV yako, unaituma kwa posta, ukiwa chini ya sekunde 6 unatumiwa kibandiko cha kushona kwenye nguo. Rekodi yake ilidumu miaka zaidi ya 30, Guinness wakaiweka kwenye kitabu chao cha rekodi. Halafu mchezaji mmoja, Eric Koziel, akaichambua programu ya Dragster fremu kwa fremu, na hesabu ikatoa kwamba muda bora unaowezekana ni 5.57. Rogers aliendelea kusema alikipata kile alichokipata. Januari 2018 Twin Galaxies, watunzaji wa rekodi za gemu, wakazifuta rekodi zake zote, na Guinness nao wakamtoa. Aliipata au hakuipata, video ya dakika moja ingemaliza ubishi miaka 35 kabla. Kazi ya mtu ya maisha yote ilikuwa imesimama juu ya kitu kisichoweza kutazamwa tena.

Sasa linganisha na watu wa Doom, gemu ya kompyuta. Gemu hiyo ilitoka Desemba 1993, na yenyewe ilikuwa inaweza kuandika mibonyezo yako, mara 35 kila sekunde, kwenye faili dogo kuliko picha ya simu yako. Vijana wa 1994 walikuwa wanatumiana mafaili hayo, ndipo ikazaliwa COMPET-N, hifadhi ya mbio za Doom. Leo ukiwa na toleo sahihi la gemu unalifungua faili la wakati ule, na mbio inachezeka upya mbele yako, kona kwa kona, hata pale mtu alipogonga ukuta. Hakuna anayewauliza kitu. Faili linaongea.

Kuhusu swali lako la kwa nini 1-1 unaimaliza mapema zaidi lakini jumla haibadiliki: gemu inaruhusu kwenda hatua inayofuata kila baada ya fremu 21, kama pantoni la Kigamboni. Ukifika mapema unasubiri, na aliyefika lango linafungwa mnavuka pamoja. Ukiwa na video utahesabu na kujua umekosa pantoni kwa fremu ngapi. Bila video utakuwa unabahatisha, tena tunarudi pale pale.

Kuhusu pedi, tumia hiyo hiyo uliyonayo. Na angalia kama Nintendo ya kaka yako ni ya PAL, inayokwenda picha 50 kwa sekunde badala ya 60. Toleo hilo mwendo wake si sawa, kwa hiyo uliza muda wake unahesabiwa vipi kabla hujajipima na Wamarekani.

Lakini hilo ni la kesho. La leo: umesema simu ina nafasi ya GB 3 tu. Hamishia nyimbo kwenye kompyuta ya kaka. Simu iegemeze kwenye kopo la maziwa mbele ya TV, skrini yote ionekane na mikono yako isikike ikibonyeza. Washa kurekodi kabla hujagusa Start, na usikate hata ukifa. Jaribio bovu utalifuta mwenyewe usiku. Kisha nitumie la kwanza leo leo, hata kama umeishia shimo la 1-2.