Usitie sahihi kwanza: majibu kwa walioumia kwa uzembe wa wengine

Barua nyingi mlizoniandikia safari hii hapa Kenya zinahusu kuumia mahali ambapo mtu hakupaswa kuumia: ndani ya matatu, mjengoni, kwenye shimo lililoachwa wazi barabarani. Nikizisoma pamoja naumia moyo, kwa kuwa wengi wenu mnapoteza haki kabla hata ya kufika kortini. Mmoja alitia sahihi karatasi asiyoielewa, mwingine aliahidiwa "tutakushughulikia" hadi muda wa kisheria ukaisha. Ndiyo maana hapa chini nitarudia sana habari za karatasi na tarehe. Sijaona faili zenu, hivyo mkiweza mpelekeeni wakili karatasi zenu azisome kabla ya kuchukua hatua kubwa.

Nilikuwa abiria kwenye matatu iliyogongana na lori Outering Road. Mguu umevunjika na nimewekwa chuma. Mtu aliyesema ametoka kampuni ya bima alinifuata wodini na karatasi, akisema nikitia sahihi nitapata shilingi 60,000 wiki hii. Watoto wamefukuzwa shule kwa ajili ya karo. Nichukue? (Abiria, Kayole)

Usitie sahihi, ndugu yangu. Najua karo haingoji, lakini karatasi hiyo kwa kawaida ni hati ya kumalizana. Inasema umelipwa fidia yote na hutadai tena, si kwa mwenye gari wala kwa bima. Wewe bado uko kitandani, na hakuna daktari anayeweza kukuambia leo kama mguu utarudi ulivyokuwa. Chuma hicho huenda kikahitaji kutolewa baadaye, na upasuaji huo una gharama yake. Ukishamalizana kwa 60,000, gharama hiyo ni yako.

Halafu mchunguze huyo mgeni. Wapo mabroka wanaozunguka wodini wakiwatafutia mawakili wateja kwa malipo. Sheria ya Mawakili inakataza jambo hilo, na wakili anayekubali kuletewa wagonjwa namna hiyo si wa kumkabidhi mguu wako.

Sasa karatasi zinazokufaa. Ajali iwe imeandikwa kwenye OB, yaani daftari la matukio la kituo cha polisi kilichoishughulikia, nawe uwe na namba yake. Kisha uombe abstrakti ya polisi, yaani karatasi ya muhtasari wa ajali, inayotaja namba za magari yote mawili, wenye magari, kampuni za bima na namba za bima. Isome pale pale kaunta. Jina lako likikosewa herufi au ukiandikwa mtembea kwa miguu badala ya abiria, lirekebishwe kabla hujatoka. Fomu ya P3, inayoeleza majeraha yako, ijazwe na polisi na daktari. Waombe jamaa zako watafute rekodi za magari hayo NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, maana aliyeandikwa ubavuni mwa matatu si lazima awe ndiye mwenye gari kisheria.

Risiti zitunze zote: dawa, eksirei, magongo, teksi ya kwenda kliniki. Mahakama hugawa fidia mafungu mawili. Fedha ulizotoa mfukoni lazima zitajwe kwenye madai na zithibitishwe kwa risiti. Bila risiti hakimu hakupi hata kama anakuamini. Maumivu na uwezo uliopotea havina risiti, hapo hakimu hutazama ripoti ya daktari na kesi za nyuma zenye majeraha yanayofanana na yako.

Anayeshtakiwa ni dereva pamoja na mwenye gari, na kwako pengine pande zote mbili, matatu na lori. Bima ndiyo inayolipa hukumu, kwa sababu Sura ya 405, yaani sheria ya bima ya magari, inalazimisha kila gari liwe na bima ya kulinda watu wengine. Ila lazima kampuni ya bima ipewe notisi ya kesi kabla haijafunguliwa au ndani ya siku 30 baada ya kufunguliwa. Muulize wakili wako waziwazi kama ameipeleka. Wapo walioshinda kesi wakabaki na hukumu ya kutundika ukutani kwa sababu ya notisi hiyo moja. Sheria hiyo pia inaweka kikomo cha bima hiyo ya lazima kuwa shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi unamdai mwenye gari mwenyewe.

Una miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi. Kama polisi wamemshtaki dereva, fuatilia kesi hiyo, kwa sababu akipatikana na hatia ya kuendesha kizembe na asikate rufaa au ashindwe rufaa, hukumu hiyo ni ushahidi mzito kwako. Na kama hukuwa umefunga mkanda, mwambie wakili ukweli mapema. Fidia inaweza kupunguzwa kwa kiasi cha kosa lako, lakini haki yako haifutiki.

Kujadiliana na bima si vibaya hata kidogo. Jadiliana ukiwa na ripoti ya daktari mkononi.

Mimi ni kibarua wa mjengo Kilimani. Jukwaa lilivunjika nikaanguka kutoka ghorofa ya pili, nikavunjika kiwiko. Msimamizi amenilipia hospitali siku ya kwanza tu. Anasema mimi ni wa kutwa, sina barua ya kazi, kwa hiyo hakuna fidia. Nimshtaki? (Fundi, Kawangware)

Msimamizi wako amekosea, na huenda anajua amekosea. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo mafundi wengi wanaiita WIBA, haiulizi kama una barua. Inauliza kama uliajiriwa kwa ujira. Ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya Jumamosi, daftari la msimamizi lenye jina lako, picha ukiwa na helmeti ya saiti, mwenzako aliyekuwa kwenye jukwaa hilo hilo: vyote hivyo ni ushahidi. Wala huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Inatosha kuwa uliumia kazini. Hata ukiwa mzembe kiasi bado unalipwa. Kinachoweza kukunyima ni kujiumiza kwa utovu wa nidhamu wa makusudi, tena hata hapo sheria humwacha aliyepata ulemavu mkubwa apate fidia yake.

Lakini kortini usianzie. Kifungu cha 16 cha sheria hiyo kinamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri kudai fidia ya ajali ya kazini. Mawakili walikipinga kwa miaka, hadi Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikasema kifungu hicho ni halali. Bado nakutana na watu waliotumia akiba yao yote kufungua kesi ambayo mahakama haina ruhusa ya kuisikiliza.

Njia yako ni hii. Mjulishe mwajiri kwa maandishi kwamba uliumia, hata kwa ujumbe wa simu, na uutunze. Yeye ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Akikataa, nenda mwenyewe katika ofisi za idara hiyo, Safety House, Industrial Area, ukiwa na karatasi za hospitali na ushahidi wa kazi. Madai yawe yamewasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Jina la mkandarasi na la mwenye jengo yaandike yote mawili, kwa sababu mjengoni kila mtu humsukumia mwenzake.

Daktari atapima ulemavu uliobaki kwa asilimia. Anayepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi hukadiriwa kwa mapato ya miezi 96. Mwenye ulemavu wa sehemu hupata asilimia yake ya hesabu hiyo. Tuseme unapata shilingi 24,000 kwa mwezi na daktari ameandika asilimia 15: 24,000 mara 96 ni 2,304,000, na asilimia 15 yake ni 345,600. Ndiyo sababu kipato kinachoandikwa kwenye fomu ukikague kwa makini. Mwajiri akiandika 8,000, fidia yako imekatwa theluthi mbili papo hapo.

Madai yakishawasilishwa kwa mwajiri au bima yake, wana siku 90 za kulipa. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kupinga kwake kwa maandishi, kisha siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi baada ya kujibiwa. Na kama jukwaa lilivunjika kwa kosa la kampuni nyingine iliyolikodisha, hiyo si mwajiri wako. Hiyo unaweza kuishtaki kando.

Niliteleza supamaketi kwenye sakafu yenye mafuta yaliyomwagika. Nimeteguka kifundo cha mguu. Mlangoni wana kibao: "Unaingia kwa hiari yako." (Mama wa watoto wawili, South B)

Pole, dada. Kibao peke yake kwa kawaida hakiwaondolei wajibu. Sheria ya Wajibu wa Wenye Majengo inawataka wachukue tahadhari ya kutosha ili mteja awe salama. Swali kubwa litakuwa mafuta yale yalikaa sakafuni muda gani bila kupanguswa, na jibu liko kwenye kamera zao. Rekodi za kamera hufutwa baada ya muda, kwa hiyo leo hii waandikie barua wazihifadhi, na nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa.

Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1 ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021, na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Sheria yake inataja fidia ya majeraha ya mwili, lakini majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kuhusu kesi za namna hii kusikilizwa hapo. Muulize karani kabla ya kulipa ada. Mlango mwingine ni mahakama ya hakimu ya kawaida.

Baba yangu alitumbukia usiku kwenye shimo la maji taka lisilo na kifuniko, Umoja. Amevunjika nyonga. Tumeambiwa tuna miaka mitatu. (Binti yake)

Msiitegemee hiyo miaka 3. Mkiishtaki serikali, au kaunti ambayo ndiyo iliyorithi kazi za halmashauri za zamani, hesabuni miezi 12. Mamlaka za barabara kama KURA na KeNHA zina kikomo chao cha miezi 12 pia, na lazima wapewe notisi ya maandishi mwezi mmoja kabla ya kesi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua shimo ni la nani: kaunti, mamlaka ya barabara au kampuni ya maji. Msipopata jibu, wapelekeeni wote barua.

Lipigeni picha shimo hilo leo, mchana na usiku, pamoja na kitu cha karibu kinachotambulisha mahali. Baada ya malalamiko kifuniko hurudishwa upesi, nanyi mkabaki bila la kuonyesha. Watafuteni pia majirani waliokuwa wamelilalamikia shimo hilo kabla ya ajali. Mtu aliyewahi kuiandikia kaunti kulihusu ni shahidi wa thamani, maana anaonyesha walijua wakanyamaza.

Nilifanyiwa upasuaji wa uzazi hospitali ya binafsi miaka minne iliyopita. Mwezi uliopita skani imeonyesha kitambaa kilichosahauliwa tumboni. Je, nimechelewa? (Mama, Ruaka)

Mama, pole sana kwa miaka yote hiyo ya maumivu. Kuna nafasi. Mtu ambaye hakujua, na hakuwa na njia ya kujua, jambo la msingi katika madai yake anaweza kuiomba mahakama ruhusa ya kushtaki nje ya miaka 3. Lakini kuanzia ulipojua una mwaka 1 tu, kwa hiyo skani hiyo imeanzisha saa mpya. Kama ingekuwa hospitali ya serikali, nisingekushauri kuutegemea mlango huu.

Omba rekodi zako zote kwa maandishi: fomu ya idhini, maelezo ya upasuaji, karatasi ya kuruhusiwa nyumbani. Ni taarifa zako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuziona. Unaweza pia kulalamika kwa Baraza la Madaktari, KMPDC, ambalo linaweza kumwadhibu daktari au kituo. Ila malalamiko hayo hayasimamishi muda wa kesi. Wengi husubiri uamuzi wa Baraza kwanza, na ukija wanakuta mahakama imeshawafungia.

Wakili anataka asilimia 40 ya fidia, na nisiposhinda hatanidai kitu. Ni sawa? (Eastleigh)

Si sawa. Sheria ya Mawakili haitambui mapatano ya kulipwa mteja akishinda tu. Mtake aeleze ada yake kwa maandishi, akupe risiti, na uthibitishe kwa Chama cha Mawakili kuwa ana leseni ya mwaka huu. Akipokea fidia yako akanyamaza, Tume ya Malalamiko Dhidi ya Mawakili inapokea lalamiko bila malipo. Usiye na uwezo jaribu Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa 1973, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Kaka yetu aligongwa na gari akiwa kwenye bodaboda, Jogoo Road, akafa. Hakuoa, hakuwa na mtoto. Ndiye aliyekuwa akiwalisha wazazi. Sisi ndugu tunaweza kudai? (Familia, Buruburu)

Poleni kwa msiba. Chini ya Sheria ya Ajali za Vifo, wanaohesabiwa kuwa wategemezi ni mume au mke, wazazi na watoto. Ndugu hawamo, lakini wazazi wenu wamo, na kesi iletwe kwa niaba yao. Kusanyeni miamala ya M-Pesa aliyokuwa akiwatumia na risiti za kodi ya nyumba aliyokuwa akiwalipia.

Lipo dai la pili, la mali ya marehemu mwenyewe, na hapa ndipo familia nyingi hukwama. Hakuna anayeweza kulifungua kwa sababu tu ni mzazi au kaka. Mahakama lazima kwanza impe mmoja wenu cheti cha usimamizi wa muda, kinachomruhusu kufungua na kuendesha kesi tu bila kugawa mali. Kesi ikifunguliwa kabla ya cheti hicho hutupwa, na miaka 3 inaendelea kuhesabiwa tangu siku aliyofariki. Pateni cheti cha kifo wiki hii, mkubaliane nyumbani nani atasimama kwa niaba ya wote, kisha aombe cheti hicho kortini akiwa na barua ya chifu inayowataja warithi.