Mbwa wa kaure, saa ya ndege na kabati la marehemu mama

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Majengo, Moshi. Marehemu mama alifanya kazi za ndani kwa mzungu mwenye shamba la kahawa. Mzungu alipoondoka alimwachia mama mapambo yake: mbwa wawili weupe wa kaure, jagi lenye umbo la mzee mnene mwenye kofia ya pembe tatu, buli linalong'aa kama fedha, na saa ya ukutani ambayo ndege hutoka kuita kila saa. Mama alikuwa akisema kabati na vilivyomo ni vyangu, ila vilikaa sebuleni kwake mpaka alipofariki, ndipo nikavihamishia kwangu. Watoto hawachoki navyo. Mbwa mmoja ana makengeza, basi wanamtania kutwa. Yule mzee wa jagi wanampa shikamoo kila wakipita. Hata mama, akitaka kuswali, alikuwa anawageuza mbwa waangalie ukuta. Sasa mjomba amekuja kutoka Same na ameulizia nyundo. Anasema malaika hawaingii humu, na kucheka na sanamu ni ushirikina. Kaka yangu anataka tuviuze Arusha kwa wanaouzia watalii. Mdogo wangu wa kike yupo kimya, lakini namjua, amenuna. Baba na wazazi wa mama walishatangulia. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Dada yangu, nilipofika pale mama yako anapowageuza mbwa waangalie ukuta, nilicheka peke yangu barazani, kisha nikamwombea rehema. Nitarudi hapo. Lakini wewe umeniuliza habari za mbwa, na mimi naanza na jambo ulilolipitia juu juu: hilo kabati si lako peke yako.

Mama kusema "haya ni yako" huku vitu vimebaki kwake, chini ya mkono wake, mpaka anaingia kaburini, hiyo si hiba, yaani zawadi, iliyotimia. Katika madhehebu yetu ya Shafi, hiba hutimia kwa kukabidhiwa. Angekupa mkononi akiwa mzima, ukavipeleka kwako, tungezungumza mengine. Na ukisema basi ni wasia, Mtume (S.A.W.) amesema kwamba Mwenyezi Mungu amempa kila mwenye haki haki yake, kwa hiyo hakuna wasia kwa mrithi. Hadithi hiyo wameipokea Abu Daud na Tirmidhi katika vitabu vyao vya hadithi. Wasia huo haupiti ila warithi wenzako wauridhie, na ridhaa yao ni baada ya mama kufariki, kwa hiari, bila kuoneana haya. Mdogo wako aliyenuna hajaridhia.

Kwa hiyo, baada ya madeni ya marehemu kulipwa, mali yake inagawanywa mafungu manne: kaka yenu mawili, wewe moja, mdogo wako moja. Usiseme vyombo vya kabatini ni vitu vidogo mno kurithiwa. Aya ya 7 ya Suratun Nisaa imetaja fungu la wanaume na fungu la wanawake katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kingi. Kitu kisichokatika, kama saa, hutiwa thamani, na anayekitaka hukichukua katika fungu lake au akawafidia wenzake. Mkikubaliana kwa wema kwamba wewe uchukue saa na mdogo wako buli, hilo nalo linafaa, na mara nyingi ndilo linaloponya nyumba.

Mjomba naye, pamoja na heshima yake yote, harithi hapa. Ndugu wa marehemu huzuiwa na mtoto wa kiume, na kaka yenu yupo. Mpeni chai, msikilizeni, ila nyundo ikae.

Hilo halina maana kwamba alichosema mjomba hakina asili. Hadithi ya Abu Talha katika Bukhari na Muslim inasema malaika hawaingii nyumba yenye mbwa wala sanamu. Imamu Nawawi ameeleza kuwa hao ni malaika wa rehema na baraka, ama wale wanaoandika amali za mja hawaachani naye. Na kauli yenye nguvu kwetu ni kwamba sanamu kamili ya kiumbe chenye roho, yenye kichwa na kiwiliwili, iliyosimamishwa mahali pa heshima, haifai kuwekwa nyumbani. Mbwa wako wamo humo. Mzee wa jagi pia yumo, ingawa kazi yake ni kumimina maji.

Mbwa wa namna hii, wakikaa wawili wawili wakitazamana, huwa wametoka Uingereza, hasa Staffordshire, eneo la viwanda vya vyombo vya udongo. Wengi walitengenezwa katika karne ya 19 kwa ajili ya nyumba za watu wa kawaida, wapangwe juu ya meko ya sebuleni. Mgongo wao huwa bapa bila rangi nyingi kwa sababu nyuma haikutarajiwa kuonekana. Ukaguzi wa makengeza haukuwa mkali, kama mlivyoona wenyewe. Hakuna aliyewaabudu. Ndiyo maana neno la ushirikina simkubalii mjomba: kuweka pambo lisilofaa ni kosa, kuabudu ni jambo jingine kabisa, na kumwita Mwislamu mshirikina kwa sababu ya mbwa wa kaure ni hatari kuliko mbwa mwenyewe.

Dawa yake Jibril (A.S.) ameshaieleza, kwa mapokezi ya Abu Daud na Tirmidhi. Alichelewa kuingia kwa Mtume (S.A.W.) kwa sababu ya sanamu mlangoni, pazia lenye picha, na mtoto wa mbwa aliyekuwa wa Hasan au Husein. Akaagiza sanamu ikatwe kichwa ibaki kama umbo la mti, pazia likatwe yapatikane matakia mawili ya kukaliwa, na mbwa atolewe. Hakuagiza nyumba ivurugwe. Fundi mwenye msumeno mwembamba anatosha.

Kuhusu mama yako kuwageuza: Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na pazia lenye picha upande mmoja wa nyumba, na Mtume (S.A.W.) akamwambia aliondoe kwa kuwa picha zake zilikuwa zikimjia ndani ya swala. Swala ya mama ilisihi, inshallah, na alichokihisi moyoni kilikuwa sahihi.

Sasa kicheko cha watoto. Abu Daud amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alirudi kutoka vita vya Tabuk au Khaybar, upepo ukafunua pazia la Bibi Aisha, wakaonekana watoto wake wa bandia, na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Akamuuliza, "Farasi mwenye mbawa?" Akajibu, "Hujasikia kwamba Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa?" Akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Wanazuoni wengi wametoa hukumu ya vitu vya kuchezea watoto nje ya katazo la sanamu kwa sababu ya hadithi kama hii. Mbwa wa kabatini si wa kuchezea, wanapangwa watazamwe, kwa hiyo ruhusa hiyo haiwafikii. Lakini kicheko chenyewe hakina dhambi. Waacheni wacheke. Shikamoo tu wabadilishe, wampe mjomba.

Saa ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Saa hizi asili yake ni Schwarzwald, Ujerumani. Mlio wake hautoki kwa ndege. Ndani mna mivukuto miwili midogo inayosukuma hewa kwenye filimbi mbili, ya kwanza juu kidogo, ya pili chini. Ndege ni wa kuonekana tu. Kwa hiyo mng'oeni, au mkateni kichwa, na saa itaendelea kuita ileile.

Buli ligeuzeni chini mtazame muhuri. Mkikuta herufi EPNS, hilo si la fedha. Ni madini mengine yaliyopakwa fedha kwa umeme, ufundi uliopewa hataza Birmingham mwaka 1840. Kwa Mashafi, mpako ambao ukitiwa motoni hautoi kitu cha kukusanywa hauharamishi chombo, basi nyweni chai. Mkikuta 925, au simba anayetembea wa mihuri ya Uingereza, hilo ni fedha halisi: msinywee wala msilipange kama pambo, liuzeni kwa uzito wake mgawane.

Mwambie kaka yako kwamba Arusha anaweza kupeleka buli na saa isiyo na ndege. Mbwa wenye vichwa na yule mzee asiwauze, kwa maana hadithi ya Jabir katika Bukhari na Muslim imekataza kuuza masanamu. Kabla ya yote hayo, nenda leo kwa mdogo wako ukamwambie kabati ni lenu watatu.

Wallahu a'lam.