Mzee wangu na maana ya kujisalimisha

Mleta mada anauliza: kama Uislamu ni kujisalimisha, Mwislamu anafuata nini hospitali? Si akae tu amngoje Mola wake? Mmemrukia bure, jamani. Swali hilo hata mimi liliwahi kunikosesha usingizi.

Tukisikia kujisalimisha tunafikiria kusalimu amri, askari kaishiwa risasi kanyoosha mikono. Ila salama, salamu, kusilimu na kusalimisha yote ni ya mzizi mmoja wa Kiarabu, s-l-m. Na someni Surat As-Saffat katika Kurani: kabla ya aya ya 103 inayosema Nabii Ibrahim na mwanawe walijisalimisha, aya ya 102 baba anamsimulia mwana ndoto ya kumchinja, kisha anamuuliza, "waonaje?" Mateka haulizwi anaonaje.

Sasa yangu. Mzee wangu ana sukari. Mwaka juzi kidonda cha mguu kikaoza, daktari akasema vidole viwili viondolewe. Mzee akagoma: "Nimemwachia Mungu." Nikanyamaza, nikidhani ndiyo imani yenyewe (na kusema kweli, gharama nazo zilinitisha). Siku nne tukaishi na ile harufu.

Akaja maalim aliyenifundisha Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani. Hakumhubiria. Alimsimulia Sayyidna Umar, khalifa wa pili, akielekea Sham (Syria na jirani zake): kufika Sargh, njiani, akaambiwa huko mbele kuna tauni, akaamua kurudi Madina. Abu Ubayda, kamanda wake huko Sham, akamuuliza, unaikimbia kadari (makadirio) ya Mwenyezi Mungu? Umar akasema naam, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Akampigia mfano wa bonde lenye pande mbili, huku majani, huku pakavu: popote utakapowalisha ngamia wako, ni kwa kadari yake.

Mzee alichunga mbuzi utotoni. Akacheka. "Kwa hiyo maalim, hospitali ndiyo kwenye majani?"

"Wewe ndiye mchungaji, mimi nauliza tu."

Kesho yake tukampeleka.

Lakini kujisalimisha kwenyewe nilikuja kukuona baadaye. Mtu wa safu ya kwanza msikitini miaka yote, sasa hawezi kukaa tahiyatu, kile kikao cha chini cha swala, lazima aswali kwenye kiti. Ijumaa ya kwanza alibaki nyumbani, akasingizia mguu. Ya pili akaoga mapema, akavaa kanzu, akaniambia nibebe kile kiti cha plastiki cha barazani. Njia nzima hakusema neno. Tulipofika akanionyesha mwenyewe pa kukiweka, mwisho wa safu, karibu na viatu.