Uanagenzi wa shahada ya uhandisi Uingereza: wiki inavyokwenda na ya kuuliza kabla ya kusaini

Dada, umeuliza kuhusu mwanao anayemaliza A-Level huko Uingereza. Ana nafasi ya chuo kikuu mkononi, na kampuni ya mitambo imemwita kwenye usaili wa uanagenzi wa shahada, nawe unataka kujua maisha ya humo yakoje. Najibu kwa upande wa England, kwa sababu Scotland wana mpango wao na kanuni zao.

Kwanza niwaweke sawa walio nyumbani. Hii si PT, mafunzo kwa vitendo ya wiki nane ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), wala si SEAP ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), ile miaka mitatu ya kulelewa chini ya mhandisi aliyesajiliwa baada ya kuhitimu. Mwanagenzi wa shahada ni mwajiriwa tangu siku ya kwanza: ana mkataba, ana mshahara, na BEng, yaani shahada ya kwanza ya uhandisi, anaisoma akiwa kazini, mara nyingi kwa miaka minne hadi sita. Ada halipi. Inatoka kwenye tozo ya uanagenzi ambayo, tangu Aprili 2017, waajiri wenye jumla ya mishahara inayozidi pauni milioni 3 kwa mwaka hulipa kwa asilimia 0.5. Na kwa kuwa ni ajira, aliyeko Dar au Nairobi haombi tu akapata: lazima awe na haki ya kufanya kazi Uingereza, na kwa kawaida awe ameishi huko miaka mitatu kabla ya kuanza. Viza ya mwanafunzi haifai. Wakala anayekuuzia nafasi hiyo ukiwa Kariakoo anakula hela yako.

Sasa wiki yenyewe. Kampuni nyingi za utengenezaji humweka mwanagenzi wa mwaka wa kwanza kwenye karakana ya mafunzo, si kwenye mitambo ya uzalishaji. Huko ni jiliwa (kibanio cha mezani), tupa, mashine ya kukereza, kulehemu na nyaya za umeme. Kijana aliyepata alama za juu za fizikia hushangaa kwamba wiki ya kwanza nzima anapewa kipande cha chuma laini akipige tupa mpaka pande ziwe mraba na vipimo viingie ndani ya sehemu ya kumi ya milimita. Kosa la wengi ni kuyumbisha tupa: kati kunabaki kilima na kingo zinaliwa. Dawa ni kiwiko kwenda sawa na usawa wa jiliwa, kukandamiza wakati wa kusukuma tu, na kukagua kwa skwea kila baada ya mapigo machache.

Kosa la pili ni kuvunja tepu, kifaa cha kukatia uzi wa skrubu ndani ya tundu. Uzi wa M8 (kipenyo cha milimita 8) wa kawaida unataka tundu la milimita 6.8, anayetoboa kwa 6.5 ili uzi uwe imara anaubana tepu mpaka unakatikia ndani, na kuutoa ni kazi kuliko kutengeneza kipande upya. Mafuta, zungusha nusu duara mbele, rudisha robo kuvunja vyuma vinavyojikunja, endelea.

Kwenye kukereza, hesabu ya mwendo aijue kichwani: mwendo wa kukata mara 1000, gawanya kwa pai mara kipenyo. Chuma laini kwa kisu cha HSS, yaani chuma kigumu cha kukatia, ni kama mita 30 kwa dakika, kwa hiyo nondo ya milimita 20 inataka mizunguko 480 hivi kwa dakika. Na ufunguo wa chaki, kile kibanio kinachozunguka na kipande, hauachwi kwenye chaki hata sekunde moja. Wakufunzi wengi humtoa mtu karakanani siku hiyo hiyo kwa kosa hilo, na wako sahihi, maana mashine ikiwashwa ufunguo ule unaruka kama risasi.

Baada ya hapo huanza mzunguko wa idara, miezi mitatu hadi sita kila moja: usanifu, ubora, matengenezo, uzalishaji. Chuo kikuu huwa siku moja kwa wiki, au kwa vipindi vya wiki kadhaa mfululizo. Siku nne kiwandani, nyingi zikianza saa moja na nusu asubuhi, siku moja darasani tangu saa tatu mpaka jioni, kisha kazi za nyumbani usiku na Jumamosi. Likizo ni ya mfanyakazi: kima cha chini ni siku 28 kwa mwaka pamoja na sikukuu. Wenzake wa A-Level waliokwenda chuo kikuu watakuwa mapumziko ya miezi mitatu kiangazi. Yeye yuko kazini. Hilo linauma zaidi mwaka wa pili, ambapo hesabu nazo zinapanda: milinganyo ya tofauti, Laplace, mitambo ya maji na joto. Asiyegusa hesabu tangu Juni mpaka Oktoba hupotea haraka, na aliyepitia BTEC, stashahada ya ufundi, badala ya A-Level ya hesabu aanze kujinoa kabla ya muhula, si baada ya mtihani wa kwanza.

Lakini wengi hawaangushwi na hesabu. Wanaangushwa na muda wa kusoma usiolindwa. Kanuni zinataka kila mwanagenzi apate kiwango cha chini cha saa za mafunzo ndani ya muda wake wa kazi unaolipwa. Kusoma saa nne usiku hakuhesabiwi, labda arudishiwe saa hizo. Msimamizi akibanwa na oda humwambia kijana “leo usiende chuo, tumezidiwa”, na mwanagenzi mpya anaona aibu kukataa. Mara moja si kitu. Ikizoeleka, muhula mzima umekwenda. Aandike kila wiki: tarehe, saa, alichojifunza. Kwenye kikao cha watatu, yaani yeye, mwajiri na chuo, ambacho huwa kila wiki 12 hivi, aliyeandika ana cha kuonyesha.

Daftari hilo hilo ndilo linalojenga jalada la ushahidi. Mwishoni kuna tathmini ambayo mara nyingi hutenganishwa na mtihani wa shahada: anapaswa kuthibitisha maarifa, ujuzi na mwenendo vilivyoorodheshwa kwenye kiwango cha taaluma yake, na kwa kawaida anahojiwa juu ya jalada lake. Wengi huandika “tuliboresha kifaa cha kushikia”. Mtathmini anataka kujua YEYE alifanya nini: tatizo lilikuwa lipi, alipima nini, alichagua nini na kwa nini, matokeo yakawaje. Na kwenye viwanda vya ndege na ulinzi hapigi picha wala kutoa mchoro bila ruhusa. Aombe nakala iliyofutwa siri mapema, kazi ikiwa bado mikononi mwake, kwa sababu akishahamia idara nyingine hapati tena.

Fedha: kima cha chini cha mwanagenzi kilikuwa pauni 7.55 kwa saa kuanzia Aprili 2025, na kuanzia Aprili 2026 ni pauni 8.00, kwa walio chini ya miaka 19 au walio mwaka wa kwanza. Akishavuka vyote viwili anapata kima cha umri wake. Kampuni kubwa za uhandisi hulipa zaidi ya hapo. Mkopo wa wanafunzi wa kujikimu hapati, kwa hiyo piga hesabu ya kodi ya nyumba na nauli kwa mshahara halisi.

Kwenye mkataba, tafuta kifungu cha kurudisha ada akiondoka. Kanuni za ufadhili hazimruhusu mwajiri kumdai mwanagenzi gharama za mafunzo, hata akiacha katikati. Akipunguzwa kazi, huweza kuendelea na masomo kwa wiki 12 huku akitafuta mwajiri mwingine. Akiwa amemaliza asilimia 75 au amebakiza miezi sita au pungufu, anaweza kufadhiliwa mpaka mwisho.

Ile nafasi ya chuo kikuu aliyoipata kupitia UCAS, mfumo wa maombi ya vyuo, asiiachie mpaka asaini ajira, hazigongani. Na kwenye usaili, akiambiwa aulize maswali, aulize haya: wanagenzi wa mwaka wa tatu hukosa siku ngapi za chuo kwa muhula? Nani anaidhinisha siku hizo? Wiki ya mitihani inakatwa kwenye likizo yangu? Naweza kuongea na mwanagenzi mmoja wa mwaka wa pili bila msimamizi kuwepo? Wakisita kwenye hilo la mwisho, mimi ningemwelekeza chuo kikuu.