Usianze na nakala 500

Dada, umesema una madaftari matatu ya simulizi za babu yenu wa Machame na unataka kuzichapa kitabu, nakala 500, kwa hela yako. Subiri kwanza. Mimi nilichapa 300 za kitabu cha ukoo wetu hapa Moshi. Maboksi manne bado yako uvunguni, na ukurasa wa 12 shangazi yangu mmoja hayumo kwenye orodha ya watoto. Mpaka leo ananiitikia salamu nusunusu.

Toa nakala moja tu steshenari, uipeleke kihambani, kwenye shamba la nyumbani la ukoo, Desemba ukoo ukiwa umejaa, pamoja na kalamu nyekundu. Watabishana, wewe andika. Bibi asiyejua mwaka aliozaliwa muulize Uhuru wa 1961 ulimkuta na mtoto wa ngapi mgongoni. Tarehe nyingine utazipata kwenye vitabu vya ubatizo vya usharika au parokia. Habari za ugomvi wa shamba wasomee wazee kabla hujazigusa.

ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ila kitabu cha kugawana ndugu kinachapika hata bila hiyo. Oda chukua kwenye grupu la ukoo, na pesa zitangulie. Ahadi za Krismasi tunazijua.