Klabu ya filamu za Kifaransa na Kijerumani: tafuta mtafsiri kabla ya projekta

Mkuu, umesema unataka kufungua klabu ya filamu za Kifaransa na Kijerumani huko Lindi, watu watazame bure uani, na umeuliza ununue projekta gani na uanze na filamu ipi. Projekta nitaigusa mwishoni. Mimi naonyesha filamu hizo hapa Mtwara mjini, Chikongola, huu mwaka wa tatu, na kosa nililoanza nalo naliona kwenye swali lako: hujauliza nani atatafsiri, yaani kuisimulia filamu kwa Kiswahili watu wakiwa wanatazama.

Nilipokuwa nasoma Dar nilikuwa sikosi Alliance Française wala Goethe-Institut, vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani, nikarudi nyumbani kichwa kimejaa. Filamu ya kwanza nikachagua Hiroshima mon amour ya Alain Resnais, ya 1959, kwa sababu tu naipenda mimi. Tangazo nikabandika vijiweni: "Filamu ya Hiroshima". Watu wakajaa, wanategemea vita na bomu. Sasa ile filamu inafunguka na mikono na migongo ya watu wawili wamekumbatiana, nguo hawana. Akina mama wakakusanya watoto wao kimyakimya kama watu walioona wingu la mvua. Waliobaki wakaendelea kusubiri bomu. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, yanapita mbio, na upepo wa bahari unalikunja shuka tulilotundika kama pazia. Inaisha tumebaki sita, wawili wamelala.

Mmoja wa wale wanne waliokuwa macho ni kijana aliyewahi kutafsiri kwenye kibanda umiza. Akaniambia, "Braza, hii ungenipa mimi wasingeondoka." Nilimdharau kidogo, nikiri. Niliona kumwekea mtu maneno juu ya picha ya Resnais ni kuiharibu. Lakini sisi tumekulia kwenye vibanda umiza na kanda za Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa filamu. Filamu isiyo na mtu wa kuizungumza tunaiona kama mboga ambayo haijaungwa. Na si ushamba wetu peke yetu. Wajapani enzi za filamu bubu walikuwa na wasimulizi wao wanaokaa pembeni ya pazia, wakiitwa benshi, na watu walilipa kiingilio kwa ajili ya msimulizi kuliko mwigizaji.

Basi tukaanza upya, safari hii na filamu bubu. Die Abenteuer des Prinzen Achmed, ya 1926, kazi ya mwanamke wa Kijerumani, Lotte Reiniger. Alikata vivuli vya karatasi nyeusi kwa mkasi, akavipiga picha moja moja kwa miaka kama mitatu. Ndiyo filamu ndefu ya katuni ya zamani kuliko zote zilizosalia. Hadithi yenyewe imetoka Alfu Lela Ulela: farasi anayeruka, Aladini na taa yake. Wazee wa hapa walishasimuliwa hizo utotoni, kwa hiyo mtafsiri wangu alipokosea jambo dogo kuhusu Aladini walimsahihisha kabla hajamaliza sentensi. Mchawi na bibi mchawi walipoanza kupigana kwa kugeuka wanyama, uwanja mzima ulikuwa umesimama.

Kuna mtego humo, ujue mapema. Yule mchawi mbaya kwenye filamu ameitwa mchawi wa Afrika. Kijana wangu akatafsiri hivyohivyo, mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Afrika ipi? Na sisi tuko wapi?" Watu wakacheka, lakini alikuwa anauliza kweli. Tulivyoirudia mwezi uliofuata, kijana akasema "mchawi asiye na kwao". Mimi ningeacha neno la asili halafu tungelijadili. Yeye aliona watoto ni wengi. Hilo bado tunabishana.

Ya pili onyesha Le Ballon rouge ya Albert Lamorisse, 1956. Dakika 34, maneno karibu hakuna: mtoto na puto jekundu linalomfuata mitaa ya Paris. Wahuni wadogo wanalifukuza puto kwa mawe na manati. Hapa hata mtafsiri alinyamaza. Kuna mtoto alilia, na mwenye manati mfukoni aliizungusha nyuma.

Halafu ndiyo ulete ya maneno. Lola rennt ya Tom Tykwer, 1998: msichana ana dakika 20 kumpelekea mpenzi wake mark 100,000, pesa ya Wajerumani ya wakati huo, na hadithi inasimuliwa mara tatu. Pikipiki yake imeibiwa, ndiyo maana anakimbia. Unaweza kufikiria waendesha bodaboda walivyolipokea hilo. Kijana wangu haongei Kijerumani hata salamu. Anaitazama filamu mara tatu kabla, mimi namwandikia ukurasa mmoja, na hausomi ukurasa wenyewe, anausimulia.

Usiku huo, zogo la Lola lilipotulia, alisimama mzee mwenye asili ya Kilwa. "Hawa Wajerumani wenu wanakimbia vizuri," akasema. "Sisi tunawajua kwa mwembe." Alimaanisha mwembe wa Kilwa Kivinje, Mwembe Kinyonga, na Hassan bin Omari Makunganya, aliyepinga utawala wao, waliyemnyonga mwaka 1895. Sikuwa na la kumjibu. Nilirudi nyumbani nikapekua tarehe. Mwaka huohuo, tarehe 1 Novemba, ndugu wawili Skladanowsky walionyesha picha zinazotembea kwa watu waliolipa, ukumbi wa Wintergarten, Berlin. Tarehe 28 Desemba ndugu Lumière wakafanya yao Grand Café, Paris. Na boma la Mikindani, hapo jirani tu, Wajerumani walilijenga mwaka huo pia. Kikao kilichofuata niliyasema haya kabla ya kuwasha mashine. Mzee akakaa kimya kidogo, akasema, "Kumbe picha walikuwa nazo." Tangu siku hiyo kila filamu ya Kijerumani yeye anapewa dakika kumi za mwanzo, na kuna watu wanakuja kwa ajili ya hizo kumi tu.

Mambo mengine haraka. Usionyeshe hadharani filamu ya kupakua bila ruhusa. Goethe-Institut wana filamu wanazoazimisha kwa maonyesho yasiyo ya biashara, waandikie. Mwenyekiti wa mtaa ajue mapema. Anza saa mbili usiku, watu wametoka Isha. Ramadhani funga klabu. Msimu wa korosho, Oktoba mpaka Desemba, watu wako mashambani na kwenye minada, utaonyesha viti. Mtafsiri mlipe, hata kidogo. Wetu tunamchangia, na mama wa ming'oko na kahawa anamtolea chake kwa sababu siku kijana akiumwa biashara ya mama inalala.

Haya, projekta. Ya lumeni 3,000, yaani kipimo cha mwanga wake, inatosha kama giza limeingia kweli, ila zile za bei ya chini namba ya kwenye boksi usiiamini, omba wakuwashie dukani taa zikiwa zimezimwa. Shuka achana nalo, paka ukuta chokaa. Na nunua maiki mbili, maana ya kwanza mzee wa Kilwa hataiachia.